Usiiamini skana ya uso kabla hujajipima mwenyewe

Mwaka juzi nilimwambia mama mmoja wa Bahi kwamba uvimbe kwenye shavu la mwanawe umepungua kwa milimita tatu. Alinishika mikono yote miwili, akasema Mungu akubariki dokta, akamvuta mtoto wakawahi basi. Baada ya wiki mbili wakarudi. Nikapiga skani nyingine, na zile milimita tatu zote zilikuwa zimerudi mahali pake. Muuguzi ninayefanya naye kazi ndiye aliyenifumbua macho: "Dokta, si ana pipi huyo?"

Kweli. Pipi niliyompa mimi mwenyewe ili atulie. Siku ya kwanza ilikuwa shavuni, siku ya pili zilikuwa zimeniishia, siku ya tatu nikampa tena. Nilikuwa napima pipi.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno hapa Dodoma mjini. Wanaonijia kwa kipimo cha uso ni wa aina tatu: waliovunjika taya na mashavu kwa ajali za bodaboda, watoto waliozaliwa na mdomo sungura wakashonwa, na wenye uvimbe wa taya ambao tunataka kujua unaongezeka au unapungua. Kwa wote hao, picha ya 3D ya uso ni msaada mkubwa. Ninachoandika hapa ni namna ya kujua kama namba inayotoka kwenye kifaa chako ina maana yoyote, kwa sababu kifaa chenyewe hakitakwambia. Kitakupa 34.27 kwa ujasiri uleule, hata kama mgonjwa alikuwa anacheka.

Vifaa siku hizi si haba. iPhone kuanzia ile X ya mwaka 2017 ina kamera ya mbele inayorusha zaidi ya nukta 30,000 za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, usoni, kisha inasoma jinsi nukta zilivyosogea ili kujua kila sehemu iko umbali gani. Zipo skana za mkononi kama Artec Eva, unayoizungusha polepole mbele ya mtu. Ipo Vectra H1, kamera unayopiga nayo picha kutoka pembe tatu, programu ikaziunganisha kuwa uso mmoja. Halafu zipo mashine kubwa za kusimama, kama za 3dMD, zinazonasa uso mzima kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hizo ndizo zinazotumika sana kama kipimo cha kulinganishia, lakini hazibebeki kwenye boksi la pikipiki kwenda Mvumi.

Tofauti kubwa ya vifaa vya kubebeka ni muda. Mashine ya kusimama haimpi mgonjwa nafasi ya kusogea. Simu na skana ya mkononi huchukua sekunde kadhaa, na ndani ya sekunde hizo mtu anameza mate, anapepesa macho, au anageuka kumwangalia aliyefungua mlango.

Mizani ya gengeni

Kabla ya yote, tenganisha usahihi na uthabiti. Mizani ya gengeni inayopunja gramu hamsini kila siku ni thabiti, ila si sahihi. Ukiijua, unaweza kuitumia kuona kama nyanya za leo ni nyingi kuliko za jana. Mizani ambayo leo inapunja na kesho inazidisha haifai kwa lolote.

Ukitaka kufuatilia mgonjwa yuleyule kwa kifaa kilekile, unahitaji uthabiti kwanza. Ukitaka kutengeneza kitu cha kumvalisha usoni, au kulinganisha namba zako na za hospitali nyingine, utahitaji usahihi pia. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la kifaa kwa kawaida inahusu usahihi, tena juu ya kitu kigumu kisichopumua, ndani ya chumba chenye mwanga uliopangwa. Wewe una mtoto, una dirisha linaloangalia magharibi.

Chumba na jua letu

Jua la Dodoma limejaa infraredi, na mwanga huo unazimeza nukta za simu. Mimi hupiga skani kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, pazia zito limeshushwa, taa za dari zimewashwa. Umeme ukikatika na taa ya sola ikashika, nasubiri au naahirisha. Umbo huenda lisiathirike sana, ila rangi ya picha hubadilika, na kama unabofya alama kwenye skrini kwa kufuata rangi ya ukingo wa mdomo, ukingo utakuwa umehama.

Zima feni. Upepo wa feni unachezesha nywele na ncha za mtandio, na programu itajaribu kuzipachika usoni. Wakati wa upepo wa vumbi, kuanzia Agosti hivi, futa lenzi kila baada ya mgonjwa, si kila asubuhi.

Halafu kuna mafuta. Hakuna mama wa Dodoma atakayempeleka mtoto hospitali bila kumpaka mafuta yakang'aa. Ni heshima, na kwa ukavu wa hewa yetu ni lazima. Lakini ngozi inayong'aa inarudisha mwanga kama kioo, na mahali pa mng'ao skana inaona shimo au kichuguu. Usimwambie mama "umempaka mafuta mengi". Atajisikia vibaya bure. Mimi husema, "Mama, naomba tumpanguse kidogo ili mashine imwone vizuri," kisha namfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, namkausha kwa kugusagusa, si kusugua. Ukisugua ngozi inavimba kidogo, nawe umejiongezea kazi. Jasho la mtu mzima aliyetembea kutoka stendi ni shida ileile: mpe dakika kumi kivulini kwanza.

Nywele nyeusi hunywa mwanga. Funga nywele nyuma kwa hedibendi laini. Kilemba kilichokazwa kinavuta nyusi juu, na umbali kati ya nyusi na jicho utakuwa wa kilemba. Masikio, chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua mara nyingi hutoka na mapengo. Sasa angalia hili kwa makini: programu nyingi huziba pengo zenyewe kwa kukisia, kisha zinapaka rangi juu yake likapendeza kuliko ngozi halisi. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuziba matundu, uizime, uone uso ulivyo na makovu yake. Usipime juu ya kiraka.

Kukaa

Mgonjwa akae kwenye stuli isiyozunguka, miguu sakafuni, aangalie macho yake mwenyewe kwenye kioo kilichotundikwa mbele yake. Hapo kichwa kinakaa kama kinavyokaa siku zote, bila wewe kumshika kidevu. Mwambie ameze mate, meno ya nyuma yagusane kwa wepesi, midomo iachwe ipumzike. Mtu mwenye aibu ya meno hubana midomo. Mtu mchangamfu hutabasamu kila akiona kamera. Wote wawili wamebadilisha upana wa mdomo kwa kiasi kinachozidi kosa la kifaa chochote nilichowahi kushika.

Kwa watoto chini ya miaka mitano, mama akae nyuma yao na mtu mmoja asimame nyuma ya kioo akiimba wimbo bila kusogea. Piga skani tatu. Ile aliyotikisika ifute palepale kwa kuitazama umbo, kabla hujapima chochote. Ukisubiri uone namba ndipo uchague skani "nzuri", utachagua inayokubaliana na matumaini yako. Najua, nimefanya.

Anza na kichwa cha plasta

Usianze na watu. Chonga au mimina kichwa cha plasta, ile tunayomiminia meno, na kabla haijakauka zamisha skrubu ndogo sita au nane: mbili kwenye mashavu, moja kwenye kidevu, mbili pembeni mwa macho, na kadhalika. Zipake rangi isiyong'aa. Pima umbali kati ya skrubu kwa kalipa ya venia, ile rula ya chuma yenye taya mbili za kubana, mara tatu, uandike. Kisha kipige skani kichwa hicho mara kumi kama unavyompiga mgonjwa.

Hapa utagundua mambo mawili. La kwanza ni la kuchekesha: faili za umbo la uso za aina ya OBJ na STL hazisemi kama kipimo ni cha mita au milimita. Zina namba tu. Programu moja inasoma 0.04 kama mita, nyingine kama milimita, na mimi niliwahi kuwa na mgonjwa mwenye pua isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Hilo la wazi halina hatari. La pili ndilo la hatari, nalo ni lile dogo, pale ukubwa wote unapokuwa umekosea kwa asilimia mbili. Kwenye upana wa pua hutaliona. Kwenye urefu wa uso wa milimita 110 ni zaidi ya milimita mbili. Ukilinganisha umbali mrefu na mfupi wa kichwa cha plasta na vipimo vya kalipa, utajua kama kosa linakua kadiri umbali unavyokua. Kama linakua, ni la ukubwa. Kama halikui, ni la mkono wako au la kuyumbayumba kwa kifaa chenyewe.

Rudia kichwa cha plasta mara moja kwa mwezi, na kila simu inapojisasisha programu.

Skana haina kidole

Hili ndilo watu wengi wanalipita haraka. Unapima umbali kati ya alama na alama, kwa hiyo swali la kwanza ni kama alama inapatikana palepale kila mara. Kona za macho, kona za mdomo, mabawa ya pua na mahali pua inapokutana na mdomo wa juu zina kingo. Jicho linaziona kwenye skrini. Pembe ya taya na kilele cha mfupa wa shavu hazina ukingo. Ukimpima mtu kwa mkono unazitafuta kwa kidole, unasikia mfupa. Kwenye picha kuna ngozi ya mviringo tu, na leo utabofya hapa, kesho pale.

Dawa yake ni kuzitafuta kwa kidole kabla ya skani na kuweka alama kwenye ngozi. Nilianza na wanja wa kawaida, na kwenye ngozi zetu haukuonekana hata kidogo. Tafuta penseli nyeupe ya wanja kwenye maduka ya vipodozi, au vibandiko vidogo vya duara vya karani, vyeupe. Weka nukta, si msalaba mnene.

Wapo watu ambao hata kona ya jicho inakwepa. Wazee wengi wa upande wa Kongwa waliugua vikope utotoni, kope zikabaki na makovu, na kona ya nje ya jicho imevutwa au imezibwa. Kwa mzee kama huyo naacha kabisa vipimo vya jicho na kuandika kwenye faili kwa nini. Kwa upande mwingine, baadhi ya wazee wa Kigogo wana chale ya zamani katikati ya paji la uso. Hiyo ni zawadi kwa mpimaji: haihami. Naomba ruhusa kwanza, naamkia "mbukwenyi", tunacheka, kisha naitumia kama nukta ya kulinganishia skani ya leo na ya mwezi ujao.

Jaribio lenyewe

Tafuta watu ishirini wenye afya: wauguzi, walinzi, ndugu wanaosubiri wagonjwa, mradi wameridhia. Kisha fanya majaribio matatu, usiyachanganye.

Kwanza, weka alama mara moja, piga skani mara mbili, mtu akisimama na kukaa tena katikati. Tofauti utakayoona ni ya kifaa na ya mkao. Pili, futa alama, weka upya siku nyingine, piga skani. Sasa mkono wako umeingia hesabuni. Tatu, mwenzako aweke alama zake bila kuona zako. Mara nyingi kifaa kinatoka kikiwa ndicho chenye kosa dogo kuliko wote, na hapo ugomvi wa simu ipi ni bora unapoa.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Inatokana na Dahlberg, mtafiti Mswidi, mwaka 1940. Kwa kila mtu toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa mara mbili ya idadi ya watu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Chukua mfano wa watu watano na upana wa pua. Tofauti ni 0.4, -0.6, 0.2, 1.0 na -0.5. Zikizidishwa kwa zenyewe ni 0.16, 0.36, 0.04, 1.00 na 0.25, jumla 1.81. Gawa kwa 10, unapata 0.181. Kipeuo chake ni karibu 0.43. Hilo ndilo kosa lako la milimita kwa kipimo kimoja.

Usiishie hapo. Unapomlinganisha mgonjwa wa leo na wa mwezi jana, makosa mawili yamekutana. Zidisha 0.43 kwa 2.77, unapata karibu 1.2. Maana yake, mtu ambaye hajabadilika kabisa anaweza kukuonyesha tofauti ya hadi milimita 1.2 mara 95 kati ya 100. Kwa hiyo mgonjwa akipungua milimita moja, mdomo wako ufunge. Akipungua mbili, una la kusema. Kila kipimo kina namba yake. Ya upana wa pua usiipe pembe ya taya.

Je, kosa la kiasi gani linavumilika? Katika tiba ya uso wengi huona chini ya milimita moja ni vizuri, na zaidi ya mbili ni shida. Mimi naangalia kazi. Kwa mtoto wa mdomo sungura, ambapo tunalinganisha tundu la pua la kushoto na la kulia, milimita moja ni kubwa mno. Kwa shavu lililovimba baada ya ajali, si kitu.

Utakutana pia na namba inayoitwa ICC, inayoonyesha vipimo vilivyorudiwa vinakubaliana kiasi gani. Mwongozo wa watafiti Koo na Li wa mwaka 2016 unasema juu ya 0.9 ni bora sana, kati ya 0.75 na 0.9 ni nzuri, chini ya 0.5 ni duni. Ni namba halali, lakini inalinganisha kosa lako na tofauti zilizopo kati ya watu. Ukichanganya watoto na watu wazima kwenye jaribio moja, tofauti kati yao ni kubwa kiasi kwamba ICC itapanda hata kama unakosea milimita tatu. Ndiyo maana nataka kuona milimita. Watakwimu Bland na Altman walionyesha njia nzuri mwaka 1986: chora tofauti ya kila mtu dhidi ya wastani wake, uone zimetawanyika vipi. Ukiona nukta zote zimeegemea upande mmoja wa sifuri, kifaa kina tabia ya ile mizani ya gengeni.

Ukilinganisha na kalipa usishangae ikikataa kukubaliana na skana kwenye mashavu na midomo. Kalipa inabonyeza nyama, skana haigusi. Si lazima skana ndiyo iwe imekosea.

Kupachika skani juu ya skani

Programu nyingi zinaweza kulaza uso wa leo juu ya uso wa jana na kupaka rangi palipobadilika. Picha inapendeza, ndugu wa mgonjwa wanaipenda. Lakini ukiiruhusu programu itumie uso wote kutafuta ulinganifu, itagawa uvimbe: shavu lililovimba litaonekana limevimba kidogo, na shavu lisilo na ugonjwa litaonekana limebonyea. Chagua paji la uso na daraja la pua tu, sehemu ambazo ugonjwa haujagusa, ulinganishe kwa hizo.

Na namba za kawaida za uso zilizopo vitabuni, nyingi zimetoka kwa watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Usimwambie binti wa Chamwino kwamba pua yake ni pana kupita kiasi. Mlinganishe na yeye mwenyewe, au upande wake wa kushoto na wa kulia.

Mambo mawili ya mwisho kabla hujawasha kifaa. Uso ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na programu nyingi za bure za simu hupeleka skani nje ya nchi bila kuuliza. Soma mipangilio, pata ridhaa ya maandishi, hifadhi kwa namba badala ya jina. Na mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua upesi usimwekee miadi ya skani ya mwezi ujao. Uvimbe aliouelezea Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958 bado upo katika ukanda wetu, na unaweza kuongezeka kwa siku chache. Huyo anapewa rufaa leo.

Mtoto wa Bahi hakuwa na hicho. Baada ya kugundua kwamba hakuna kilichopungua, tulimpeleka eksirei, tukakuta kipande cha mzizi wa jino kilichobaki tangu jino lilipong'olewa. Kilitolewa. Skani ya baada ya hapo, kinywa kitupu, meno yamegusana, ilionyesha shavu limeshuka kwa kiasi ambacho sikuhitaji hesabu kukiamini. Pipi bado zipo, ila anazitunza muuguzi, na hazitoki mpaka niseme nimemaliza.